Sekunde Iliyoshangiliwa

Ijumaa tarehe 13 Februari 2009, ilipotimu saa 5 usiku na dakika 31 na sekunde 30 kwa saa za Greenwich (kwetu pwani Jumamosi ilikwisha ingia, na watu wamelala), mabingwa wa kompyuta waliokusanyika katika miji mbalimbali ya dunia, macho wameyakodolea vioo, walipiga vifijo. Kwani hesabu ya mitambo ya Unix, izihesabuyo sekunde mfululizo tangu mwanzo wa mwaka 1970, ilisoma 1234567890.

Je, sekunde ile ilikuwa na fadhila gani isiyokuwamo katika ile iliyoitangulia? Hata chembe, uzuri ulikuwa katika tarakimu, na tarakimu ni zetu wanadamu, si za wakati. Tena hesabu yenyewe si aminifu kabisa, maana zile sekunde za nyongeza ambazo watunza saa wa dunia huzitia mara kwa mara, mitambo hiyo huzipuuza kana kwamba hazikupita. Hata hivyo siwacheki wale waliopiga vifijo, kwani sisi ambao siku yetu huanza magharibi jua lichwapo, na saa yetu ya kwanza ya mchana wengine huiita ya saba, twajua ya kuwa mwanzo wa kila hesabu umechaguliwa na mja.

Tarehe 19 Januari 2038 mitambo ya kale, yenye kuhesabu kwa biti 32, itafika 2147483647, nayo haina nafasi ya kuongeza moja.