Faranga 20,000 za Shangazi

Je, aliyetapeliwa anaweza pia kuwa mdaiwa? Nilijiunga na biashara ya mtandao nyumbani Kobero, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga, kwa faranga 200,000, nikiahidiwa pesa zitakazoingia hata nikiwa nimelala. Kila mwanachama alitakiwa kuleta watatu. Sikupiga hesabu: ngazi ya 16 ingehitaji watu zaidi ya milioni 43, nasi Warundi hatufiki hata nusu yao.

Wa kwanza niliyemleta ni shangazi, anayeuza maharage karibu na mpaka. Nikapewa 20,000. Baada ya miezi minne simu za viongozi zikazimwa.

Rafiki zangu chuoni husema sina kosa, kwani nami nilipoteza. Sikubali. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, DECI iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009 iliita kutoa pesa "kupanda" na kulipwa "kuvuna". Maneno matamu, hasa kwa watoto wa wakulima kama sisi. Lakini mkulima hungoja mvua. Sisi tulingoja mtu mwingine apande. Zile 20,000 zilitoka kwenye maharage ya shangazi. Kutojua kwangu kunaniondolea nia mbaya, ila hakuzifanyi pesa zile kuwa zangu.

Mwezi uliopita nilimrudishia. Akazihesabu.

"Na zile 180,000, mwanangu?"

Nikamwambia walikimbia nazo wale watu.

"Wale sikuwajua. Nilikujua wewe."

Sasa naona deni langu lilikuwa 200,000.