Mkono Mrefu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).



Kwetu Waswahili, mwenye mkono mrefu ni mwizi. Katika nyumba ya Mtume (S.A.W.) maneno hayo yalikuwa na maana nyingine. Aliwaambia wakeze kuwa wa kwanza kumfuata ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wote, nao wakawa wanapimana mikono. Aliyetangulia, mwaka wa 20 Hijria, ni Bibi Zaynab bint Jahsh (R.A.), ambaye hata hakuwa mrefu wa kimo. Hapo wakafahamu kuwa urefu ule ni wa sadaka. Na sadaka hiyo aliipata wapi? Alikuwa akidabighi ngozi na kuzishona kwa mkono wake, kisha pato lake akilitoa kwa ajili ya Allah.

Leo mwenzetu akisema kuwa baada ya shahada atashona viatu na mikoba ya ngozi, tunamwambia amesoma bure. Aibu iko wapi? Mtume (S.A.W.) alishona viatu vyake mwenyewe. Imamu al-Khassaf, aliyeandika kitabu mashuhuri cha hukumu za wakfu, jina lake lina maana ya mshona viatu, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha.

Tena kazi hii inaihitaji elimu yetu. Mtume (S.A.W.) alipomwona mnyama aliyekufa, aliuliza kwa nini ngozi yake haikudabighiwa ikawafaa watu, kwani kilichoharamishwa ni kumla. Lakini katika madhehebu ya Shafi, kuianika juani au kuitia chumvi tu hakutoshi kuitwahirisha, na ya mbwa na nguruwe haitwahiriki kabisa. Ngozi ya udhhiya nayo, mwenye kuchinja haiuzi. Huitumia au huitoa sadaka. Fundi asiyejua haya atamvisha Muislamu najisi. Na fundi anayeficha kadibodi ndani ya soli kisha akauza kwa bei ya ngozi, huyo ndiye mwenye mkono mrefu wa Kiswahili.

Basi ewe ndugu, ewe dada, ikiwa moyo wako uko kwenye msharasi na uzi, usingoje ofisi ikuite. Mtafute fundi mwaminifu likizo hii, ukae miguuni pake ujifunze. Na siku ya pato la kwanza, hata likiwa dogo, toa humo sadaka.

Ewe Mola wetu, turuzuku halali, na uirefushe mikono yetu kwa kheri. Amin.