Mwenye Ufunguo Ni Nani?

Mwanangu, nimesikia umepata kazi ya mshauri mwelekezi wa ulinzi wa vituo vya treni na mabasi. Hongera. Mimi nimechoka, na haya nitakayokuambia nimewaambia wakubwa wengi mpaka koo likakauka. Lakini wosia haustaafu. Keti unisikilize.

Ukifika kituoni watakupeleka kwanza chumba cha kamera. Watakuonyesha skrini na mashine ya kukagulia mizigo, na bei yake watakutajia. Vitazame kwa adabu, kisha omba uonyeshwe mlango wa dharura. Usishangae ukiukuta umepigwa kufuli na mwenye ufunguo ametoka kwenda kula. Utaambiwa wamefunga kwa ajili ya wezi na wasiolipa nauli. Kazi yako inaanzia hapo.

Tarehe 18 Februari 2003, mjini Daegu, Korea Kusini, mtu mmoja aliwasha petroli ndani ya treni ya chini ya ardhi iliyokuwa imesimama kituoni. Wengi wa treni ile waliwahi kutoka. Ikaja treni ya pili, ikasimama kando yake, milango ikafungwa, na dereva akakimbia na ufunguo. Walikufa watu 192, na wengi wao walikuwa katika treni hiyo ya pili, ambayo mchomaji hakuikanyaga. Kinga inayowazuia watu kutoka ni mtego, hata ikigharimu mabilioni.

La pili, angalia foleni. Pale kituo cha reli ya kisasa (SGR) cha Nairobi, abiria hupanga mizigo chini mbwa wainuse, ndipo waingie kwenye mashine. Ukaguzi ni mwema, siukatai. Ila jiulize: wanaosubiri wamesimama wapi, na magari yanapita umbali gani nao? Ukaguzi hauondoi umati, huuhamisha tu. Tarehe 22 Machi 2016, katika uwanja wa ndege wa Brussels, walipuaji hawakuhangaika kupita ukaguzi. Walilipua kwenye ukumbi wa abiria wanaoondoka, watu wakiwa bado na mabegi yao. Basi ukishauri lango, shauri na wakaguzi wa kutosha saa ya msongamano, na mstari uwe mbali na barabara.

La tatu, usimdharau mwenye ufagio. Novemba 1987, kituo cha King's Cross, London, kilishika moto na watu 31 wakafa. Hapakuwa na bomu. Kiberiti kinachowaka kilidondoka chini ya ngazi ya umeme ya mbao, kikakuta takataka na grisi ya miaka. Kuvuta sigara kulikuwa kumeshapigwa marufuku, na wafanyakazi walikuwa wamevizoea vimoto vidogo vya namna ile. Mazoea, mwanangu, hayaonekani kwenye kamera. Yatafute kwa miguu yako: zungumza na mfagiaji, mkata tiketi, mama lishe wa nje ya geti. Hao wanajua kipi kimeharibika na tangu lini.

La nne ni zito kuliko yote. Desemba 2015, wapiganaji walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera, kaskazini mwa Kenya, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka uliotangulia, katika njia za huko huko, abiria 28 walikuwa wametengwa hivyo wakauawa. Safari hii Waislamu wakakataa kuwaacha wenzao. Ulinzi wa namna hiyo haununuliwi kwa zabuni, lakini ni rahisi kuuvunja. Mkaguzi anayemtoa mtu kwenye mstari kwa sababu ya kanzu, hijabu, lafudhi au shati lililochakaa, amempoteza shahidi. Abiria aliyeaibishwa getini hatarudi kukuambia ameona begi lisilo na mwenyewe. Wafundishe walinzi kutazama mwenendo wa mtu, na kusema samahani.

Tena jihadhari na muuza vifaa atakayekuja usiku na bahasha. Ukiipokea, hutashauri tena. Utakuwa dalali wake. Na udhaifu wa kituo uliouona usiuzungumze kijiweni.

Ripoti yako wataiweka kabatini. Usikasirike. Iandike fupi: kila kasoro na jina la cheo kinachohusika na tarehe ya kurekebisha. Kisha rudi bila kutoa taarifa, saa kumi na moja jioni, watu wakiwa wamejaa, ukague upya. Ukikuta vilevile, andika vilevile.

Siku ya msiba watu husema ajali haina kinga. Hizi nilizokutajia nyingi zilikuwa na kinga, tena ya bei ndogo: mlango uliofunguka, ufagio uliopita. Kwa hiyo wakichoka kukusikia, wewe usichoke kusema, na usipandishe sauti. Mungu akupe subira, na akulinde wewe na unaowalinda. Amina.