Kompyuta Hii Imeshonwa kwa Kipimo cha Nani?

Mara mbili kwa mwaka, Juni na Novemba, hutoka orodha ya Top500, yaani kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani. Ilianza mwaka 1993, na sisi waandishi wa habari tunaipenda sana: ina mshindi, ina aliyeshindwa, ina nchi iliyoipiku nyingine.

Lakini hivi, nguvu hiyo ni ya kufanya nini? Kipimo chake, Linpack, ni kutatua rundo kubwa la milinganyo. Kazi nyingi za sayansi haziko hivyo. Mara nyingi kichakataji hukaa kinasubiri namba zifike kutoka kwenye kumbukumbu, kama mpishi hodari anayesubiri maji. Ndiyo maana kukatungwa kipimo kingine, HPCG, kinachoipima adha hiyo. Itazame Fugaku ya Japani: Novemba 2020 ilipata petaflopu 442 kwenye Linpack. Kwenye HPCG ikapata 16, chini ya asilimia 4. Na bado ilikuwa ya kwanza duniani kwenye vipimo vyote viwili!

Walioiunda, taasisi ya RIKEN na kampuni ya Fujitsu, walilijua hilo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo wakawaita wanaokilalia: wahandisi na wanasayansi walifanya kazi pamoja, mashine ikachorwa kwa kuangalia programu za maeneo tisa, yakiwemo dawa, majanga na nishati.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Anton, iliyoundwa Marekani na D. E. Shaw Research na kuanza kazi 2008, inajua jambo moja tu: kufuatilia mwendo wa atomu ndani ya molekuli kama protini. Kwa kazi hiyo iliziacha mbali kompyuta za kawaida. Ukiiuliza habari za mvua, haina jibu.

Hapo ndipo ninapoanza kusitasita. Kuiunda mashine iifae sayansi ni jambo jema, ila sayansi si mtu mmoja. Ukichagua programu za kuipimia, umechagua pia maswali yatakayojibika kirahisi kwa miaka mingi. Asiyekuwepo kikaoni hakataliwi na mtu. Swali lake linakuwa ghali tu, basi.

Chukua Ziwa Victoria, ambako dhoruba za usiku huua wavuvi. Wingu la radi laweza kuwa na upana wa kilomita chache. Programu ya utabiri inayoigawa dunia katika miraba ya kilomita kumi au zaidi hailioni vizuri. Ukiipunguza miraba hiyo nusu kwa kila upande, hesabu huongezeka takriban mara nane. Nani atalipia mara nane hiyo kwa ajili ya mvuvi wa Ukerewe?

Mtu ataniambia: basi tuunde mashine ya wote. Mashine ya wote nayo ina kipimo chake, ila hakisemwi. Afadhali ile iliyoshonwa kwa kazi maalumu, mradi majina ya waliopimwa yasomwe hadharani, ili aliyesahaulika apate pa kulalamikia. Kasi tunaitangaza kwa mbwembwe. Maswali iliyoundiwa nayo tuyatangaze vivyo hivyo.