Meli Imeng'oa Nanga: Je, Nahodha Ana Hatia?

Tuanze na jambo lililotukia kweli, kisha tulipime pamoja kwa mizani ya dhamiri.

Tarehe 27 Machi 2024 meli ya watalii iitwayo Norwegian Dawn ilikuwa imetia nanga mbele ya kisiwa cha São Tomé, magharibi ya Afrika, karibu na mstari wa ikweta. Ilikuwa safarini kutoka Cape Town kwenda Barcelona. Meli ya namna hiyo ni kama mji uendao juu ya maji: huchukua abiria zaidi ya 2,000 na mabaharia karibu 1,000. Abiria walishuka kutembelea kisiwa, nao walikuwa wamekwisha kuambiwa saa ya kurudi. Wanane kati yao, Wamarekani sita na Waaustralia wawili, walikuwa wamepatana na kiongozi wa kisiwani, si na wenye meli. Walikuwamo wazee, na mwanamke mmoja mwenye mimba. Matembezi yakarefuka, saa ikapita. Walinzi wa pwani wakawahurumia, wakawapakia katika chombo chao, wakawafikisha hata ubavuni mwa meli. Nahodha hakukubali wapande. Wakarudishwa nchi kavu, na paspoti zao wakazikuta mikononi mwa wakala wa meli bandarini.

Hapo ikaanza safari ya taabu. Waliruka kwa ndege kutoka nchi hata nchi, wakitaka kuitangulia meli huko Banjul, mji mkuu wa Gambia. Walipofika, meli haikuweza kuingia bandarini kwa sababu ya hali ya bahari na kupwa kwa maji. Ikawalazimu kwenda kwa gari mpaka Dakar, Senegal, safari ya saa nyingi. Na huko ndiko walikoipata, tarehe 2 Aprili.

Habari hizi zilienea duniani kote, na watu wakagawanyika. Wengine walisema, «Wamevuna walichopanda.» Wengine walisema, «Nahodha hana moyo.» Nasi tusiharakishe kuchukua upande. Tuulize kwanza maswali, moja baada ya jingine, kama ipasavyo watu wanaotafuta kweli.

Swali la kwanza: Je, nahodha anawajibika kuwangoja waliochelewa?

Wako wanaojibu kwa hesabu. Wanasema: abiria 2,000 wakingojeshwa nusu saa, huo ni wakati wa saa 1,000 uliopotezwa kwa ajili ya watu wanane. Hesabu ni sahihi, lakini hoja ni dhaifu. Hakuna mtu hata mmoja melini aliyepoteza saa 1,000. Kila mmoja amepoteza nusu saa tu, na pengine amekaa mezani akila, wala hakuona kama meli ingali imesimama. Taabu ya mtu mmoja aliyeachwa ugenini haipimwi kwa kulundika usumbufu mdogo wa wengi. Kama hesabu hiyo ingekuwa ya kweli, ingeturuhusu kumtesa mtu mmoja ili kuwapunguzia watu elfu uzito wa unyoya mmoja mmoja.

Sababu zenye nguvu ni nyingine. Meli kubwa haiondoki kama mtu anayeinuka kitini. Rubani wa bandari ameitwa kwa saa yake. Penye gati, vyombo vya kuvuta vimekodishwa kwa saa yake. Maji hujaa na kupwa kwa saa yake, wala hayapokei maombi. Bandari inayofuata imekwisha kuweka nafasi, na meli ikikosa nafasi hiyo, abiria wote hukosa mji waliolipia kuuona. Pengine mtu atasema, «Na iongeze mwendo, itafidia.» Yaweza, lakini kwa gharama: mwendo wa meli ukiongezwa kwa sehemu moja ya kumi, nguvu inayotakiwa huongezeka karibu kwa theluthi nzima, na mafuta huungua kwa kadiri hiyo.

Tena kuna sababu iliyo ndani zaidi, nayo ni ahadi. Saa iliyotangazwa ni neno walilopeana watu wote wa melini. Mzee aliyeacha soko kabla hajamaliza kununua, mama aliyemtoa mtoto majini huku analia, walifanya hivyo kwa kulitegemea neno hilo. Nahodha akilivunja kila mara kwa ajili ya mtu aliyekawia, kesho watakawia kumi, keshokutwa watakawia mia, na wa kwanza kuonekana mjinga atakuwa yule aliyetii. Haki haidai tu tumhurumie aliyekosa. Yadai pia tusimfanye aliyeshika neno ajute kwa kulishika.

Basi jibu ni hili: kwa sheria ya haki, nahodha hawajibiki kungoja, na akiondoka kwa saa yake hakumdhulumu mtu.

Swali la pili: Je, waliochelewa wote wana kosa?

Hapana. Hapa imetupasa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kosa na matokeo ya kosa. Abiria wale walikuwa mikononi mwa kiongozi wao, naye ndiye aliyeshika njia na gari. Mtu aweza kuachwa na meli kwa sababu alilewa ufukweni. Aweza pia kuachwa kwa sababu gurudumu lilipasuka mlimani, au kwa sababu simu yake ilibadili saa yenyewe ilipokamata mawimbi ya nchi kavu, hali melini wanashika saa nyingine. Meli inayoondoka haiulizi. Wote wawili husimama gatini sawasawa, wakitazama moshi ule ule.

Twajifunza nini? Ya kwamba matokeo mabaya si ushahidi wa dhambi. Tunapomwona mtu ameachwa, midomo yetu hukimbilia kusema, «Alifanya nini?» Afadhali tuulize, «Amepungukiwa na nini?» Swali la kwanza lina mahali pake, lakini si mahali pa kwanza.

Na hapa itazameni haki ilivyo nzuri inapotendwa kwa makini. Wenye meli walisema kurudi kwa wakati ni wajibu wa abiria mwenyewe. Kwa hiyo gharama za kutoka São Tomé hawakuzichukua. Lakini meli iliposhindwa kuingia Banjul, kosa halikuwa tena la wale wanane, kwa maana wao walifika. Basi wenye meli wakaahidi kuwarudishia gharama za njia ya kutoka Banjul hata Dakar. Huo ndio upimaji: kila mzigo uwekwe kwa mwenyewe, wala mtu asibebeshwe mzigo wote kwa kuwa sehemu yake ilikuwa ya kwanza.

Swali la tatu: Kwa nini meli huwangoja wengine, wala si wote?

Ni kweli, na wengi huona uchungu. Abiria aliyekwenda matembezi yaliyotengenezwa na meli yenyewe, akichelewa, meli kwa desturi humngoja au humpeleka bandari inayofuata kwa gharama yake. Aliyepatana na mtu wa nje, akichelewa, huachwa. Je, si upendeleo? Nadhani si upendeleo kwa asili yake. Kiongozi aliyetumwa na meli ni mkono wa meli. Akichelewa yeye, meli ndiyo imechelewa, nayo yapaswa kulipa deni lake. Lakini wenye meli wajihadhari wasigeuze hofu kuwa bidhaa, wakiwatisha abiria ili wauze matembezi yao kwa bei kubwa, na yule kijana wa kisiwani mwenye gari moja akakosa riziki. Kijana huyo naye ana sehemu katika jambo hili: akitaka kuaminiwa, na aitunze saa ya mgeni wake kuliko saa yake mwenyewe.

Swali la nne, lililo gumu: Na mashua iliyofika ubavuni?

Wapenzi wasomaji, yote tuliyoyasema yanahusu kungoja. Lakini wale wanane, hata chombo chao kilipofika ubavuni mwa meli, hawakuomba kungojwa siku nzima. Waliomba kupanda. Wenyewe walisema ya kuwa meli ilikuwa ingali imetia nanga. Hapa sheria yetu ya ahadi inabana kidogo tu, na mtu hawezi tena kujificha nyuma ya abiria 2,000.

Yawezekana nahodha alikuwa na sababu: hati za kuondoka zimekwisha kutiwa sahihi na wakuu wa bandari, mashua za meli zimekwisha kupandishwa, kumtoa mzee katika chombo kidogo kinachorushwa na mawimbi mpaka mlango wa meli ni kazi yenye hatari. Sisi hatukuwapo. Kumhukumu mtu kwa habari za mbali ni kosa lile lile la wale waliosema, «Wamevuna walichopanda.»

Hata hivi tuseme neno moja bila woga. Kama sababu ilikuwa usalama wa watu, alitenda vema. Kama sababu ilikuwa hii tu, «Sheria ni sheria,» basi sababu hiyo haitoshi. Sheria ya saa iliwekwa ili meli iondoke kwa wakati na salama. Pale ambapo kumpokea mtu hakuicheleweshi meli wala hakumtii mtu hatarini, kumkatalia hakuilindi sheria. Kunailinda kiburi ya mwenye kuishika. Mwenye mamlaka hupewa mamlaka kwa ajili ya saa kama hizo hasa, ambapo kitabu kimefika mwisho wake, na mtu lazima aamue. Kama kitabu kingetosha, tungemweka mlinzi mwenye saa ya ukutani, wala tusingehitaji nahodha.

Swali la tano: Na sisi tulio juu?

Iko desturi moja isiyopendeza katika meli hizi. Saa ya kuondoka inapokaribia, abiria husongamana kwenye vyumba vya nje na juu ya sitaha, wakitazama gatini kama kuna wanaokimbia. Wakiwaona, hupiga makelele na vigelegele, huinua simu zao na kupiga picha za kuonyesha dunia nzima. Wanawaona mume na mke wanaburuta mifuko, viatu mkononi, jasho usoni. Na daraja likivutwa mbele yao, kicheko hupanda.

Nahodha aliyeondoka kwa saa yake tumemwona hana hatia. Lakini huyu anayecheka, je? Hakuvunja sheria yoyote. Hakuchelewa. Hakumwachilia mtu. Walakini nadhani kati ya wote tuliowataja, yeye ndiye mwenye neno la kujibu katika dhamiri yake. Kwa maana nahodha aliacha watu kwa sababu ya wajibu, na pengine kwa moyo mzito. Huyu amefanya taabu ya mwenzake kuwa mchezo wa jioni. Wazee walisema: aliye juu mngoje chini. Bandari zingali nyingi mbele, na saa ya mtu yeyote yaweza kusimama.

Kinyume chake, tazameni tendo moja dogo la huko São Tomé. Siku ile ile aliachwa pia mwanamke mwingine mwenye umri wa miaka 80, aliyekuwa ameugua kisiwani. Mume na mke mmoja kati ya wale wanane, nao wenyewe wakiwa wameachwa, walimtafuta, wakamsaidia kupata mawasiliano na jamaa zake, naye akarudi kwake Marekani. Waliokuwa na haki ya kulia walipata nafasi ya kumfuta mwingine machozi.

Tumalize.

Sisi wengi hatutapanda meli za watalii. Lakini kila mmoja wetu anashika mlango fulani na saa fulani. Mimi napiga kengele ya shule asubuhi, na baada ya kengele nafunga lango. Nyuma yangu wamesimama watoto waliotoka nyumbani gizani ili wafike mapema. Mbele yangu anakuja mmoja anakimbia, daftari kichwani, matope hata magotini. Wale walio ndani wananidai nisiifanye kengele kuwa mchezo. Yule wa nje ananidai nimtazame matope yake kabla sijafungua kinywa. Madai yote mawili ni ya haki, wala hakuna kitabu kitakachoniamulia kila asubuhi.

Basi tushike mambo haya matatu. Ukiwa abiria, rudi mapema, wala usifanye wema wa wengine kuwa sehemu ya hesabu yako. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Ukiwa nahodha, iheshimu saa, lakini ujue saa ilitengenezwa kwa ajili ya nini. Na ukiwa umesimama juu, umekwisha kufika, una nafasi na kivuli, usicheke. Kama huwezi kuteremsha ngazi, angalau inua mkono, ili aliyeachwa ajue kwamba ameonekana na mtu.