Jina la Mpangaji

Limetufikia swali ambalo twaona lafaa kujibiwa hadharani, kwani wanaolihitaji jibu lake ni wengi kuliko aliyeliuliza. Mwenye fleti za kupangisha katika mtaa wa Elgon View, Eldoret, ajiwapo na mtu atakaye nyumba, je, ana haki ya kulipima jina lake la ukoo, na akisikia asilolipenda, aseme kuwa nyumba imekwisha kuchukuliwa?

Elgon View ni mtaa wa utulivu, na anayetafuta nyumba huko hutafuta utulivu huo kabla ya kuta na madirisha. Eldoret yenyewe ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Ina chuo kikuu na hospitali kubwa ya rufaa, na kazi hizo huleta watu kutoka kila pembe ya Kenya. Basi swali hili si dogo: ni kuuliza kama wanaokuja kutibu na kusomesha watapata pa kulala.

Mwenye nyumba husema kwanza, “Mali ni yangu, nampa nimtakaye.” Neno hili lina ukweli ndani yake, lakini lina mpaka. Mafakihi wameieleza ijara kuwa ni kuuza manfaa ya kitu kwa muda unaojulikana na kwa malipo yanayojulikana. Muuzaji wa manfaa ana haki ya kuchunguza yanayohusu biashara yake: je, mtu huyu ataweza kulipa? Ataitunza nyumba? Atawaudhi walio jirani? Kabila halijibu hata moja katika maswali haya. Mlipaji mwema hutoka katika kila ukoo, na mvunja ahadi pia. Tena asemaye nyumba imechukuliwa, na hali i tupu, ameongeza uwongo juu ya dhulma.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na si insafu kuipuuza. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba zilichomwa katika nchi hii kwa sababu ya makabila ya waliokaa ndani. Kanisa la Kiambaa, karibu na mji huu, lilitiwa moto tarehe 1 Januari 2008, na ndani yake wamo wanawake na watoto waliokimbilia usalama. Kenya nzima waliuawa watu zaidi ya 1,100. Basi mwenye nyumba atuambia, “Simchukii mtu huyu. Naliogopea paa langu.”

Hofu hiyo haikuzuliwa. Lakini natutazame yatupeleka wapi. Kila mwenye nyumba akiifuata, kila kabila litakuwa na mtaa wake, na siku ya fitina mchomaji hatahitaji kuuliza ni nani akaaye wapi, kwani jina la mtaa litakuwa limekwisha kumwambia. Hatusemi kuwa ujirani ni ngao isiyovunjika. Mwaka 2008 wako waliosalitiwa na majirani zao. Lakini wako pia waliofichwa na majirani wa kabila jingine, na mara nyingi mtu hujitia hatarini kwa ajili ya yule ambaye alikwisha kumjua. Anayewafukuza wageni mlangoni leo ajinyima mwenyewe wale ambao kesho wangemjua.

Tena tukumbuke tulikotoka. Zama za ukoloni, mashamba ya Uasin Gishu yaliwekewa Wazungu, na katika miji ya Kenya mitaa iligawanywa kwa rangi. Wazee wetu waliiita hali ile dhulma, na walisema kweli. Kama ilikuwa dhulma kuulizwa ngozi, yawaje haki kuulizwa ukoo? Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, yakataza ubaguzi wa kabila na dini, si kwa serikali peke yake, bali hata kwa mtu na mtu. Lakini sheria haisikii uwongo unaosemwa langoni kwa sauti ya upole; ausikiao ni dhamiri ya msemaji.

Jibu letu, basi, ni hili: mwenye nyumba na achunguze uwezo na mwenendo, na amwulize kila ajaye maswali yale yale, wa ukoo wake na asiye wa ukoo wake. Na mpangaji naye asidhani kuwa kodi imenunua kila kitu. Kodi hununua vyumba. Utulivu wa mtaa haumo katika mkataba, nao hutengenezwa na wakaao humo kwa kupunguza sauti, kulipa kwa wakati na kujuliana hali. Wa kale walisema jirani hutazamwa kabla ya nyumba. Hawakusema kabila la jirani.