Jumatano: Aliyeachiwa Mgonjwa

Soma Luka 10:30–37. Msamaria alipoondoka kesho yake, ni nani aliyebaki na majeruhi, na alikabidhiwa nini?

Mfano huu husomwa mara nyingi kwa kumtazama Msamaria peke yake. Lakini huduma ya mikono yake ilidumu hadi kesho yake tu. Siku zilizofuata zilikuwa za mwenye nyumba ya wageni, mtu asiyetajwa jina wala kusifiwa. Alipokea dinari mbili, agizo la kumtunza mgonjwa, na ahadi kwamba aliyemkabidhi atarudi. Nani angejua kama alimpa mgonjwa maji usiku wa manane? Mgonjwa mwenyewe, na Mungu.

Wauguzi wasaidizi na wahudumu wa afya wamesimama mahali hapo hapo. Daktari hupita asubuhi, huandika maagizo, kisha huenda kwa wengine. Anayebaki ndiye anayemwogesha mgonjwa, anayemlisha, na kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulala.

Katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Kibondo na Kasanda, wagonjwa si wenyeji pekee. Kambi ya Nyarugusu ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na kuanzia mwaka 2015 Warundi wengi walivuka mpaka. Mganga aliyetoka mkoa wa mbali huhitaji mkalimani mbele ya bibi Mrundi. Mhudumu Muha hamhitaji, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Akimsikiliza bibi na kueleza maumivu yake, bibi hutibiwa ipasavyo. Akimfokea kwa sababu ni mgeni, bibi hunyamaza, na mganga hubaki kukisia. Aliye chini katika ngazi ya kazi anaweza kuwa ndiye aliyeshika ufunguo.

Soma Luka 16:10. Uaminifu katika lililo dogo hupimwa wapi?

Fikiria zamu ya usiku, saa tisa. Mhudumu ni mmoja, vitanda ni vingi, na mzee wa kitanda cha nne hakugeuzwa. Daftari linasubiri. Akiandika kwamba amemgeuza, hakuna atakayegundua mpaka ngozi ichubuke. Kuchoka si dhambi. Eliya naye alichoka akalala chini ya mti (1 Wafalme 19:5). Mhudumu mwaminifu huandika kwamba hakumgeuza, ili wa zamu ya asubuhi aanze na mzee huyo.

Hata hivyo, Msamaria hakuacha agizo tupu. Alitoa fedha, akaahidi kulipa gharama zitakazozidi. Kanisa linalodai upole kwa mhudumu bila kujali kama ana glavu, sabuni na mwenzake wa zamu, limeshika nusu tu ya mfano.

Soma Mathayo 25:36–40. Aliyekabidhi atarudi, naye atauliza habari za mgonjwa.

Maswali ya Kujadili

1. Ni kazi gani uliyokabidhiwa ambayo hakuna anayeiona? Ungeifanyaje kama Bwana angerudi leo usiku?

2. Kundi lenu linaweza kufanya nini juma hili kumpunguzia mzigo mhudumu mmoja wa zahanati iliyo jirani?